Daktari wa Mashindano na Dawa ya Shangazi

Nilikwenda kwenye mashindano ya kimataifa ya mpira wa vipofu nikiwa na hofu moja, na haikuwa hofu ya kufungwa. Kufungwa tulishakuzoea. Niliogopa kwamba madaktari wa mashindano wangesema ninaona.

Sioni. Lakini jicho langu la kulia linajua tofauti ya mchana na usiku. Nikisimama mlangoni pa nyumba yetu hapa Kasongo, jua likiwa juu ya kiwanja, upande ule napata weupe fulani usio na umbo. Mtu akipita mbele yangu simjui mpaka nisikie viatu vyake au ninuse sabuni yake. Ni weupe tu, basi.

Katika mpira wetu wachezaji wa ndani wanatakiwa wawe vipofu. Hata hivyo wote hufunikwa macho kwa plasta, na juu ya plasta huvaa kitambaa kinene, ili mwenye mwanga kidogo asimzidi asiye nao. Kipa peke yake ndiye anayeona. Na kabla ya mechi ya kwanza kila mchezaji hupelekwa kwa madaktari wa macho, wao ndio wanaoamua nani anastahili kucheza na nani anaona kuliko inavyoruhusiwa.

Mwenzangu mmoja wa ekipe, yaani timu yetu ya taifa, mtu wa Kinshasa anayependa maneno, aliniambia tukiwa ndani ya ndege, "Wewe mwenye taa, watakurudisha na ndege hii hii."

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini tangu pale nilianza kujipima. Nilikuwa nageuza uso dirishani, nageuza tena ndani, nikijiuliza kama weupe ule haujaongezeka. Ni kichekesho, mtu aliyelelewa akiombewa aone, sasa anaomba asionekane anaona. Nilikuwa nimetoka Kasongo kwa pikipiki mpaka Kindu, tukivuka matope yaliyofika magotini, nikapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, nikalala wiki nyingi kambini Kinshasa mbali na mke wangu na mtoto. Kurudishwa kwa sababu ya kaweupe kale kungenivunja.

Asubuhi ya vipimo kocha wetu alinishika bega. Alikuwa mtu mtaratibu, mwalimu wa shule kabla ya kuwa kocha. "Watakuuliza maswali," alisema. "Jibu ulivyo. Usiongeze upofu, usipunguze."

Nieleze kidogo jinsi nilivyofika pale, na habari za macho yangu kama zilivyosimuliwa nyumbani.

Nilizaliwa Wamaza, katika familia ya wakulima wa mihogo na mpunga. Baba alikuwa Mwislamu, mama Mkristo, na jambo hilo halikumsumbua mtu. Kilichotugawa ni macho yangu. Nilipokuwa na miaka kama mitano, ugonjwa wa macho mekundu ulizunguka kijiji kizima. Mama alikuwa shambani. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alinikuta nikilia nyuma ya nyumba. Akachuma majani, akayaponda, akanikamulia maji yake machoni. Uchungu wake naukumbuka mpaka leo. Macho yalivimba yakafunga, na yalipofunguka watu waliona kwamba napapasa.

Mama alinibeba mgongoni mpaka Kasongo. Hospitalini muuguzi alimwuliza, "Mliweka nini ndani?" Mama akajibu kwamba ni majani. Muuguzi akasema, "Basi ni hayo." Hakuna aliyeniangalia zaidi ya pale. Maneno hayo mafupi yaliingia nyumbani kwetu na hayakutoka tena.

Mama hakurudi Wamaza. Baba alitufuata Kasongo, akawa anauza mafuta ya mawese kwa baiskeli, na alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Kwenye matanga yake shangazi alikuja. Mama alimpa mkeka na maji ya kunywa, lakini hakumpa neno. Baada ya hapo hawakuonana tena. Jina la shangazi halikutajwa kwetu kwa ubaya; halikutajwa tu. Na mama hakumlaumu yeye peke yake. Mara nyingi, akiwa anachagua mchele au anakunja nguo, nilimsikia akisema polepole, kama anazungumza na mchele wenyewe, "Kama ningekuwa nyumbani ile siku."

Alinizungusha kila mahali. Tulikwenda kwenye mahema ya maombi. Tulikwenda Salamabila, kwa mtu mmoja kwenye kambi ya wachimba dhahabu, akanipulizia moshi machoni mpaka nikatapika. Tulisikia madaktari wa macho wamefika Kindu. Tulipofika sisi, walikuwa wameondoka. Kila mama aliposikia kwamba kipofu fulani ameona, tulifunga safari. Hata nilipokuwa mtu mzima, nimeoa, aliendelea kunitafutia. Sikuwa na moyo wa kumkataza, na nikisema kweli, nami nilikuwa na tumaini langu dogo nililolificha.

Mpira ulinijia katikati ya hayo yote. Shule moja ya kanisa hapa Kasongo ilikuwa na darasa la wasioona, na sisi wavulana tulikuwa tunafunga mpira ndani ya mfuko wa plastiki ili tusikie mchakacho wake ukiviringika. Miaka mingi baadaye ukaja mpira wa kweli, wenye vyuma vidogo ndani vinavyolia. Nilikuwa nimeshaota ndevu. Siku nilipousikia ukija upande wangu, nikauzuia kwa unyayo, ukanyamaza chini ya mguu wangu, nilijua nitaucheza mpaka nizeeke. Watu wa ekipe ya taifa walipokuja Kindu kutafuta wachezaji, nilienda. Ndivyo nilivyofika kwenye kiti cha daktari wa macho wa mashindano, katika nchi moja ya Afrika Magharibi.

Alikuwa mwanamke. Alizungumza Kifaransa kwa upole, kwa lafudhi ambayo sikuijua, na mikono yake ilikuwa na harufu ya dawa ya kuoshea. Aliniambia niweke kidevu juu ya kipande cha chuma na paji la uso nilibane mbele.

"Unaona nini?"

"Mwanga."

"Unatoka upande gani?"

"Kulia, nadhani."

"Na sasa?"

"Sasa hakuna."

"Mkono wangu uko mbele ya uso wako. Vidole nimevifungua au nimevikunja?"

"Mkono siuoni, mama daktari."

Alijaribu tena, na tena, karibu na mbali, jicho hili na jicho lile. Nilimjibu kama kocha alivyoniagiza. Mwisho nilimsikia akizungumza kidogo na mwenzake aliyekaa pembeni, kisha akasema, "Vizuri. Unastahili. Utacheza."

Nilishusha pumzi kwa nguvu hata akacheka. Nikataka kuinuka, lakini aliweka kiganja juu ya kichwa changu.

"Subiri kidogo. Ilianzaje?"

Nilimwambia kama nilivyokuwa nimewaambia watu wote, kwa maneno yale yale: macho mekundu, majani, hospitali. Alirudisha chombo chake karibu na jicho langu, nikasikia pumzi yake. Alikaa pale muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Akahamia jicho la pili.

"Nani alikuambia ni majani?"

"Kila mtu."

"Kila mtu amekosea," alisema. "Sikiliza. Dawa mbaya inaharibu sehemu ya mbele. Jicho linapata kovu jeupe, kama kioo cha dirisha kilichopakwa chokaa. Yako ni safi. Ninapita bila shida, ninafika mpaka nyuma kabisa. Ugonjwa wako uko nyuma, kwenye utando unaopokea mwanga. Ulizaliwa nao. Utando huo ulikuwa unakufa kidogo kidogo hata kabla ya macho mekundu; yalipokuja, ulikuwa karibu kwisha."

Nilimwambia kwamba nilikuwa naona. Kwamba nakumbuka rangi, nakumbuka nguo ya mama ya njano.

"Mchana, ndiyo," alisema. "Na jua likizama? Ulipokuwa mdogo, kabla ya majani, ulikuwa unaanguka anguka magharibi?"

Hapo mawazo yangu yalikuwa yamerudi Wamaza. Adhana ya magharibi inasikika kutoka msikitini, watoto wenzangu bado wanakimbia, na mimi nimekaa kwenye nguzo ya jiko, sitaki kubanduka. Naitwa, siendi. Baba anasema huyu mutoto anaogopa giza. Mama anasema ni uvivu. Walikuwa wamenipa jina, wakiniita Kuku, kwa sababu kuku ndio wanaoingia ndani mapema. Jina lile lilikufa baada ya ugonjwa, maana halikuwa tena na mzaha ndani yake, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau kabisa mpaka daktari yule alipouliza.

"Ndiyo," nilisema. "Nilikuwa sitembei magharibi."

"Basi ndiyo hiyo."

"Kama ningefikishwa hospitali siku ile ile?"

"Ingekuwa hivi hivi. Hata ungezaliwa katika chumba hiki, na mimi nikiwa daktari wako tangu siku ya kwanza."

"Na kupasuliwa?"

"Hakuna upasuaji wa ugonjwa huu. Atakayekuambia anao, usimfuate. Samahani. Kazi yangu hapa si kutoa habari kama hizi, lakini nimeona afadhali ujue."

Nilingoja huzuni inipate. Tumaini langu lile dogo lilikuwa limezimwa mbele yangu, na mtu angetegemea nilie. Badala yake mabega yangu yalishuka. Nilijihisi kama mtu aliyesimama miaka mingi kwenye mlango wa watu akingoja kugawiwa kitu, hatimaye mwenye nyumba ametoka akamwambia kwa adabu, nenda zako ndugu, hapa hakuna kinachogawiwa. Mtu kama huyo anaweza kwenda nyumbani, akala, akalala.

Lakini daktari hakuwa amemaliza. "Una watoto?"

"Mmoja. Wa kike. Ana miaka mitatu."

"Wakati mwingine ugonjwa huu unatembea katika familia. Mara nyingi hauwafikii watoto. Ila mwangalieni jua likizama."

Basi ule utulivu wote ukaniruka. Nilitoka nje, kocha akaniuliza imekuwaje, nikamwambia nitacheza, akanipongeza, na mimi sikusikia pongezi zake. Nilimwomba simu. Mke wangu aliitika kwa shida, mawasiliano ya Kasongo yakikatika katika, na nyuma yake nikasikia watu wa sokoni.

"Mutoto akitembea magharibi, anajikwaa?" nilimwuliza.

"Nini?"

"Jua likizama. Giza likianza kuingia. Anaanguka? Anagonga vitu?"

"Kwa nini unaniuliza hivyo? Kumetokea nini huko?"

"Nijibu kwanza, mama."

Alifikiri. Kufikiri kwake kulikuwa kurefu kwangu kuliko safari ya ndege. "Huyu?" alisema. "Jana adhana imeshapita, anakimbiza mwanambuzi wa jirani kule nyuma kwenye mawe. Ni mimi nilijikwaa nikimufuata. Giza lote lile, ameona mkia na amekamata mkia."

Nilimwomba anieleze tena habari za mkia. Akanieleza. Nikamwuliza kama mtoto ana kawaida ya kukaa mahali pamoja jioni, akasema angeshukuru sana kama angekuwa nayo. Ndipo nikakaa chini, pale pale kwenye ukuta wa jengo, nikamsimulia yote. Nilipomaliza akasema, "Mama yako, umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie kwa simu."

Mechi tulicheza tatu. Sitazipamba. Uwanja ulikuwa na kuta fupi pembeni zinazourudisha mpira ndani, na watazamaji waliagizwa wanyamaze, kwa sababu bila ukimya sisi hatuna mpira. Ni ukimya wa ajabu, umejaa watu. Ndani yake unasikia vyuma vya mpira, pumzi za watu, na neno moja la kigeni ambalo kila mchezaji lazima alitamke anapouendea mpira: voi. Tuliambiwa maana yake ni ninakuja. Asiyelitamka anaadhibiwa, kwa maana anaweza kukuvunja bila wewe kujua kama yuko. Nyuma ya goli la wapinzani husimama mwongozaji wetu, anayeona, akitupigia kelele tukifika karibu: kushoto, mbele, piga.

Mechi ya kwanza tulifungwa vibaya. Ya pili tulifungwa kidogo. Ya tatu, karibu na mwisho, mwongozaji alinipigia kelele kwamba goli liko wazi upande wa kulia. Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Kipa akautema kwa kifua, mpira ukadondoka mbele ya yule mtu wa Kinshasa mwenye maneno mengi, naye akausukuma ndani. Uwanja ule uliokuwa kimya ukafunguka kwa sauti moja. Alinirukia shingoni. "Mwenye taa ameniwashia," alikuwa anasema, "ameniwashia." Ilikuwa sare. Tulirudi nyumbani na sare yetu hiyo moja, na ukitusikiliza uwanja wa ndege ungedhani tumebeba kombe.

Nilicheza mechi zile kwa miguu myepesi. Sijui kama nilicheza vizuri zaidi ya zamani. Najua tu kwamba sikuwa nikisikiliza kitu kingine zaidi ya mpira.

Nilimkuta mama anatwanga sombe, majani ya mihogo, nyuma ya nyumba. Nilisikia mchi kabla ya kusikia sauti yake. Alinikumbatia, akanishika mikono na magoti kuona kama nimevunjika mahali, akaniambia nimekonda, akarudi kwenye kinu chake. Nikakaa karibu naye kwenye kigoda.

"Mama, kule nilionwa na dokta wa macho."

Mchi ulisimama. "Amesema wanaweza kupasua?"

"Apana. Amesema haiko dawa. Haiko mahali popote."

Alivuta pumzi, nikajua anajiandaa kuniambia habari za mtu mwingine wa kunipeleka. Nilimtangulia.

"Amesema pia haikuwa majani."

"Nani amesema?"

"Dokta. Ameangalia mpaka nyuma ya jicho. Majani yanachoma mbele, na mbele yangu iko safi. Ni ugonjwa nilizaliwa nao."

"Ulizaliwa unaona," alisema, na sauti yake ilikuwa kali. "Mimi ndiye nilikuzaa. Ulikuwa unaokota karanga chini, moja moja."

"Mchana, mama. Na magharibi?"

Nikasikia mchi ukilazwa chini na yeye akikaa karibu na kinu, kwa uzito, kama mtu aliyeshushwa.

"Kuku," alisema. "Tulikuwa tunakuita Kuku."

"Ndiyo."

"Ile ilikuwa mbele ya majani."

"Kabla ya majani, ndiyo."

"Nilikuwa nakuchapa juu ya uvivu." Akapangusa mikono kwenye nguo. "Basi hata ningekuwa nyumbani ile siku."

"Ingekuwa vilevile."

"Hata ningetembea mbio zaidi, na wewe mugongoni."

"Vilevile, mama. Hata ungenizaa ndani ya nyumba ya dokta mwenyewe."

Aliniomba nirudie maneno ya daktari, yote, tangu mwanzo. Nilipomaliza aliniomba niyaseme kwa Kifaransa, kama yeye mwenyewe alivyoyasema. Mama hajui Kifaransa. Lakini alitaka kusikia jinsi yalivyokuwa yalipotoka mdomoni mwa daktari, na nilimpa kadiri nilivyokumbuka, na yeye alisikiliza kila neno kana kwamba analijua. Baadaye akaosha uso, akaendelea kutwanga. Sombe ile tuliila jioni pamoja na mke wangu na mtoto. Mama alikula sana, akatutania, akaniambia niache kumfuata mtoto kwa masikio kila anapoinuka.

Siku kadhaa zilipita bila mama kusema lolote zaidi. Kisha asubuhi moja, akiwa anafunga kitambaa kichwani aende kanisani, aliniuliza, "Dada ya baba yako iko muzima?"

"Nasikia yuko mzima. Miguu tu inamsumbua."

"Uliza watu wa moto hali ya njia."

"Tunaweza kumpigia, mama. Mjukuu wake ana simu."

"Neno hili haliendi kwa simu."

Waendesha pikipiki, watu wa moto kama tunavyowaita, walisema wiki hiyo njia ilikuwa shwari. Tulipanda watatu, dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma, na nilimsikia mama akimwagiza dereva apite polepole kila tulipofika mahali alipopakumbuka. Alikuwa akinitajia: hapa kulikuwa na daraja la miti, hapa nilikupumzisha, hapa mwanamke mmoja alitupa muhogo. Alikuwa hajapita njia ile tangu aliponibeba.

Shangazi alikuwa amekaa uwanjani kwake akibangua karanga. Tulipomsalimu ganda lilikoma kuvunjika. Alitutambua, na jambo la kwanza alilouliza ni, "Mumekuja na kilio gani? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, shangazi," nilisema.

"Basi mbona wote wawili?"

Mama alikuwa amejiandaa njia nzima. Alianza, "Dada, nimekuja nikuambie," na hapo akaishia. Alinigusa mkono. "Sema wewe, papa."

Nikasema. Nilikuwa nimeshayasema mara nyingi, na bado pale yalikuwa mapya mdomoni mwangu. Nilipofika mwisho shangazi aliuliza, kwa sauti ya chini, "Huyo dokta ulimwambia kama niliweka majani?"

"Nilimwambia kabla hajasema kitu."

"Na bado akasema hivyo."

"Bado akasema hivyo."

"Lakini yaliwaka. Ulilia sana."

"Yaliwaka, shangazi. Lakini si yenyewe yaliyoua macho."

"Alhamdulillahi," alisema. Akaisema tena, polepole, na tena, mpaka ikawa pumzi tu. Kisha akatuambia kitu ambacho hatukukijua. Tangu siku ile hakuwahi kuchuma jani kwa ajili ya mtoto wa mtu. Wajukuu zake wakiumwa, wazazi wao wakihangaika, yeye alikuwa anatoka nje na kwenda kukaa mbali, ili mtu asimwombe na yeye asijisahau.

"Mimi nilikubebesha lawama," mama alisema.

"Uliponifikia nilikuwa nimeshajibebesha," shangazi alijibu. "Usilie, bibi wee. Tumeshazeeka kulia."

Lakini walilia, wote wawili, na mimi niliachwa na bakuli la karanga mikononi. Baadaye shangazi alinivuta kwake akaniambia nimshike uso nione alivyochakaa. Nilimshika. Uso wake ni moja ya sura chache nilizobaki nazo, kwa sababu ndio uliokuwa juu yangu siku ya majani: paji la uso pana, na jasho puani. Paji bado ni pana. Chini yake kila kitu kimekunjamana, na yeye alikuwa akicheka kadiri vidole vyangu vilivyoshuka.

Alitupikia wali na samaki wa kukausha. Alitaka kujua habari za mpira. Nilipomweleza kwamba watu wasioona wanakimbiliana kwa kasi mahali pamoja, kila mmoja akitamka voi, aliweka kijiko chini. "Na mama yako amekuruhusu?" Mama akamwambia hakuulizwa. Wakaanza kunisema wote wawili, na katikati ya kunisema wakahamia Kibangubangu, lugha ambayo mama alikuwa haizungumzi kwetu nyumbani. Niliwasikiliza wakiulizana habari za watu waliokufa na waliooa, wakisahihishana, wakikatizana. Sikuelewa maneno yote, lakini sikuhitaji kuelewa.

Asubuhi yake dereva alipowasha pikipiki, mama alisema yeye atabaki kidogo, karanga za shangazi zilikuwa nyingi na miguu yake haimruhusu. Nilimwuliza hiyo kidogo ni siku ngapi. Akasema niende, mke wangu ananingoja.

Niliingia Kasongo mchana. Nilioga, nikala, nikambeba mtoto kidogo, kisha nikaenda uwanja wa shule, kwa sababu ilikuwa siku ya mazoezi. Wenzangu walikuwa wamekaa kivulini wakifunga viatu. Mmoja wao, anayekaa jirani na kwetu, aliniuliza mbona mama yangu haonekani siku mbili hizi.

"Iko Wamaza," nilisema. "Amekwenda kusalimia kwa dada ya baba."

"Sawa," alisema, akainuka, na tukaingia uwanjani.